Voi ndani ya chumba cha mita tatu

Msomaji wa Changamwe, Mombasa, ameniandikia hivi: "Marehemu baba alikuwa gadi wa treni kati ya Mombasa na Voi, na tangu alipofariki nimekuwa na hamu ya kujenga reli ndogo ya kumkumbuka. Mpwa wangu aliyeko Ujerumani aliniletea reli za upana wa milimita 12, kichwa kimoja cha dizeli na mabehewa manne. Nimetengeneza meza kwa plaiwudi moja nzima, mita 2.4 kwa 1.2. Reli nimeizungusha kwa kona zenye nusu kipenyo cha sentimita 33, na katikati nimejenga mlima wa jipsi wenye tundu la treni kupita. Matatizo ni mawili. Behewa la pili linaanguka kila treni ikifika kona iliyo karibu na dirisha. Na mlima, ijapokuwa nimeufanyia kazi miezi miwili, mke wangu anasema unafanana na keki ya harusi. Chumba chenyewe ni mita 3 kwa 2.4. Je, nibomoe nianze upya, au kuna namna ya kurekebisha?"

Kaka yangu, kwanza pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kuchagua kumbukumbu inayotaka kazi ya mikono. Reli yako inarekebishika, tena kwa jioni chache tu. Mlima hauna dawa, uondoe. Najua miezi miwili ya kazi si kitu cha kutupa, kwa hiyo nitakueleza sababu yake, na jipsi nitakuonyesha pa kuitumia.

Chukua futi upime mlima wako. Meza kama hiyo kwa kawaida hubeba mlima wa sentimita 40, labda 50. Mabehewa ya reli ya milimita 12 yanayoigiza njia ya mita moja hutengenezwa kwa uwiano wa 1:87, yaani kila sentimita moja mezani ni sentimita 87 za huko nje. Sentimita 40 basi ni mita 35. Mbuyu mkubwa hufika mita 20, kwa hiyo mlima wako wote pamoja na tundu lake haufikii mibuyu miwili iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Sasa kumbuka unavyoiona milima ya Taita ukiwa Voi. Kilele cha Vuria kiko mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, na Voi iko karibu mita 560. Kuijenga tofauti hiyo kwa uwiano wako kunahitaji jipsi ya kimo cha mita 18 na zaidi. Mkeo ameliona kosa hilo bila kupiga hesabu. Amezoea kuona milima mikubwa iliyo mbali, na pale mezani anaonyeshwa mlima mdogo ulio karibu, umesimama peke yake kwenye uwanja bapa. Kitu cha namna hiyo anachokijua ni keki.

Milima ya Taita utaijenga, lakini kwa rangi, ukutani. Nitafika huko.

Tungekuwa tumekaa barazani ningekuuliza jambo moja kabla ya yote: mzee alipokuwa kazini, alikuwa akifanya nini hasa? Wewe unajua kuliko mimi. Ninavyoielewa kazi ya gadi, sehemu yake kubwa huanza treni inaposimama. Ndipo anaposhuka, anahesabu mabehewa, anasimamia yanayokatwa na yanayoungwa, anahakikisha mkia wa treni umeingia wote kwenye njia ya kupishana, kisha anampa dereva ishara. Mezani kwako hakuna mahali pa kufanyia kazi hiyo. Treni inauzunguka mlima, inaingia tunduni, inatoka, inazunguka tena. Ningependa ujenge stesheni, na kwa kuwa mzee alikuwa akifika Voi, jenga Voi.

Voi ina sababu nyingi za kuwa stesheni ya mezani. Reli iliyoanza kulazwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu mwishoni mwa 1901 ilipita hapo, na kabla treni hazijawa na mabehewa ya kulia chakula, abiria walikuwa wakishuka Voi kula. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walivuta tawi kutoka Voi kwenda upande wa Taveta ili kuwafikia Wajerumani ng'ambo ya mpaka, na tawi hilo likaja kuunganishwa na reli ya Moshi kupitia Kahe. Tangu hapo Voi ikawa makutano. Treni ya Mombasa inaingia, mabehewa ya Taveta yanakatwa, treni ya kutoka Nairobi inasubiri kupishana. Kichwa kimoja na mabehewa manne vinatosha kukupa kazi ya saa nzima, na hapahitajiki tundu wala mlima.

Sasa plaiwudi. Ipasue katikati kwa urefu upate mbao mbili za sentimita 60 kwa mita 2.4. Moja ilaze kwenye ukuta mfupi wote, kona hadi kona. Ya pili ianzie ilipoishia ile kwa upana, ifuate ukuta mrefu: sentimita 60 na mita 2.4 ni mita 3 kamili. Chumba chako kinajaa sawasawa kwa umbo la herufi L, bila kununua bodi nyingine. Unapata mita tano za kando ya ukuta, na kila mahali mkono unafika. Meza ya upana wa mita 1.2 iliyosukumwa ukutani ina adhabu yake: treni ikianguka upande wa mbali, unailalia kuiokota, na kiwiko kinabomoa ulichojenga jana.

Faida kubwa zaidi iko kwenye kona. Kwa umbo hilo, pale kuta mbili zinapokutana unaweza kupitisha njia yenye nusu kipenyo cha sentimita 75, na bado ukabakiwa na ukingo wa bodi. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ulichonacho. Usidhani sentimita 75 ni anasa. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 175, ambayo kwenye reli ya kweli ni kali, kwa uwiano wako ni mita 2. Sisi wajenzi wa reli za vyumbani sote tunaiba kwenye kona. Tunachojitahidi ni kuiba kidogo, na sentimita 33 ni nyingi mno.

Inua mbao hizo ziwe usawa wa kifua chako. Watu wengi huweka reli ndogo chini kama meza ya kulia, wakawa wanaitazama treni kutoka juu kama mwewe. Sisi binadamu huitazama treni kutoka ubavuni. Inua, na nusu ya mandhari yako itakuwa imeshajirekebisha.

Njoo kwenye behewa linaloanguka. Umeniambia mambo mawili ambayo ni dalili nzuri: ni kona ile ile, na ni behewa lile lile. Kabla ya kung'oa chochote, fanya jaribio moja. Lihamishe behewa la pili liwe la nne, uendeshe treni mara kumi. Likianguka hata likiwa la nne, ugonjwa uko kwenye magurudumu au uzito wake. Likipita salama na badala yake likaanguka lingine lililokaa nafasi ya pili, basi behewa halina hatia, tafuta kosa relini.

Kwa magurudumu, geuza behewa juu chini ulinganishe na lisiloanguka. Kata kipande cha plastiki ngumu kinachoingia sawasawa katikati ya magurudumu mawili ya ekseli nzima, kisha ukijaribu kwenye behewa gonjwa. Kikikwama au kikilegea, gurudumu limesogea kwenye ekseli yake. Lisukume taratibu kwa kulizungusha, huku ukipima tena na tena. Tazama pia kama kila ekseli inazunguka bila kusuasua, na kama behewa likiwekwa juu ya kioo linagusa kwa magurudumu yote.

Uzito hupuuzwa sana. Chama cha wajenzi wa reli ndogo cha Marekani, NMRA, kilichoanzishwa 1935, kinapendekeza kwa mabehewa ya uwiano huu gramu 28 za kuanzia, kisha gramu 14 kwa kila milimita 25 za urefu. Behewa la sentimita 15 basi lifike karibu gramu 113. Kipimo hicho ni cha njia pana, kwa hiyo kwa milimita 12 unaweza kupunguza kidogo, ila mabehewa yote yafuate kanuni moja. Behewa jepesi likitangulia mbele ya mazito kwenye kona kali, mazito yanalivuta kuelekea ndani ya kona na linapanda reli. Mimi hutumia nati za chuma zilizogandishwa kwa gundi sakafuni mwa behewa, chini kabisa, katikati ya ekseli.

Lakini nikilazimishwa kubashiri, ningesema kosa lako liko kwenye kiungio. Reli ya kupindika huja kwa vipande vya karibu mita moja, na mtu akifika mwisho wa kipande katikati ya kona, huunga kingine na kuendelea kupinda. Reli ina kumbukumbu ya unyoofu. Pale kwenye kiungio, ambapo hakuna mataruma, yaani vile vipande vya kukingama chini ya reli, ya kuishika vizuri, inajinyoosha kidogo, na kona inakuwa na pembe usiyoiona ukiwa umesimama. Inama jicho liwe usawa wa reli, funga jicho moja, utazame kwa urefu. Pembe ikiwepo utaiona mara moja.

Dawa yake ni kuunganisha vipande viwili vikiwa bado vimenyooka mezani, uvilehemu kwa risasi upande wa nje wa reli, uache vipoe, ndipo upinde urefu wote mara moja. Kiungio kitapinda kama sehemu nyingine yoyote. Pia usitoke kwenye mstari ulionyooka ukaingia moja kwa moja kwenye kona ya sentimita 75. Sentimita 20 za mwanzo ziwe na mpindo hafifu unaokaza polepole. Fimbo nyembamba ya mbao iliyopigiliwa misumari michache itakuchorea mpindo huo vizuri kuliko bikari, kwa sababu mbao hupinda kwa tabia hiyo yenyewe.

Umepata reli sahihi, mshukuru mpwa wako. Milimita 12 mara 87 ni milimita 1,044, karibu sana na mita moja ya reli yetu ya zamani. Huko Ulaya za uwiano huu zinauzwa hasa kwa sababu ya Waswisi, ambao reli zao nyingi za milimani, kama ile ya Rhätische Bahn, nazo ni za mita moja. Ukiongeza, usichanganye na za milimita 16.5 zinazojaa madukani, kwani hizo ukizidisha mara 87 unapata milimita 1,435, yaani reli yetu mpya ya SGR.

Chini ya reli weka kitu laini. Wengi hutumia koki, ile ya vizibo vya chupa, ya unene wa milimita 3. Ikikosekana, nenda kwa fundi viatu umwombe sponji ya soli ya unene huo huo, ni nzuri na inakatika kwa wembe. Piga rangi ya mafuta plaiwudi pande zote, hasa kingo na chini, kabla ya kulaza chochote. Hewa ya Mombasa ina unyevu, na mchwa nao ni wapangaji wasioalikwa. Ubao ukivimba, reli hufuata. Joto lenyewe si adui mkubwa kama watu wanavyodhani: chumba kikipanda nyuzi 10, kipande cha mita moja kinarefuka kwa chini ya robo ya milimita. Acha nafasi ya unene wa kadi kwenye kila kiungio cha sehemu iliyonyooka, inatosha.

Umeme usiutegemee viungio. Chumvi ya hewa ya pwani huvitia kutu ya kijani ndani ya mwaka, na kichwa kinaanza kukwama mahali pasipoeleweka. Kila kipande cha reli kipate nyaya zake mbili, zilizolehemiwa ubavuni na kupitishwa kwenye tundu la ubao hadi kwenye nyaya nene zinazotembea chini ya meza. Tumia rangi mbili za waya na usizibadilishe hata mara moja: nyekundu kwa reli ya upande wa ukuta, nyeusi kwa reli ya upande wako. Kusafisha reli tumia kitambaa chenye spiriti. Msasa unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu.

Kisha ngoja. Hapa ndipo nawaona watu wakiharibu kazi nzuri, kwa hamu ya kuona kijani. Endesha treni wiki mbili kwenye reli tupu, bila kokoto, bila mchanga, bila mti. Endesha polepole kabisa, kisha kwa kasi. Halafu yasukume mabehewa yote manne kinyumenyume kupita kila pointi, yaani pale njia inapogawanyika, na kila kona, kwa sababu treni inayovutwa huvumilia makosa ambayo treni inayosukumwa haivumilii, na Voi yako itakuwa ya kusukuma mabehewa mchana kutwa. Palipo na kosa weka alama kwa kalamu, rekebisha, jaribu tena.

Reli ikishatulia, ipake rangi. Reli za dukani hung'aa kama vijiko. Paka ubavu wake rangi ya kahawia ya kutu, ufute juu wakati bado mbichi. Sehemu kubwa ya njia ya kwetu ilikuwa na mataruma ya chuma, ambayo mchwa hayawezi, kwa hiyo mataruma ya plastiki yanayoigiza mbao nayo yapate kahawia yenye wekundu. Rangi hiyo inafanya kazi nyingine ya siri. Reli yenye kimo cha milimita 1.9, kwa uwiano wako ni sawa na sentimita 16 na nusu, nene kuliko reli yetu yoyote ya zamani. Ikiwa na rangi ya kutu, jicho halitambui.

Kokoto za njia ya kweli huwa na ukubwa wa milimita 40 hadi 60. Gawanya kwa 87, unapata nusu milimita hadi milimita 0.7. Hiyo ni chembe ya mchanga unaopita kwenye kichungi cha chai lakini unabaki kwenye soksi ndefu ya nailoni. Omba vumbi la mawe meusi kwenye machimbo au kwa wauza kokoto. Vumbi la mawe ya matumbawe ya kwetu pwani ni jeupe mno, litakufanya uonekane umemwaga unga. Na usichukue mchanga wa bahari. Niliwahi kuutumia kwenye reli yangu ya kwanza bila kuuosha vizuri, na chumvi iliyobaki ilivuta unyevu kila msimu wa mvua hadi misumari yote ikaliwa na kutu na nikalazimika kung'oa mita nne za njia.

Mwaga vumbi hilo likiwa kavu, kidogo kidogo, ulisambaze kwa brashi laini hadi lilale chini ya kichwa cha taruma, lisipande juu yake. Kwenye kazi hii robo tatu ya muda ni brashi. Ukiridhika, nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo kama umande, halafu dondosha kwa bomba la sindano gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Sabuni ndiyo inayoifanya gundi izame badala ya kusimama juu kama lulu na kuzisukuma kokoto. Kwenye pointi, weka tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio yanayotembea kabla ya kuanza, na gundi isikaribie zile ncha. Acha ikauke usiku mzima bila kugusa.

Sasa udongo, na hapa nakuomba usinunue chochote. Rangi ya Voi haipatikani kwenye mkebe. Mtu yeyote aliyepita Tsavo anawajua tembo wake wekundu, na wekundu ule ni udongo wanaojirushia. Siku ukipita Voi, nje ya hifadhi, jaza mkebe mmoja wa majani ya chai. Utatosha. Uanike, uuponde, uuchekeche mara mbili. Kisha ukaange kwenye kikaango cha zamani juu ya jiko mpaka uwe mkavu kabisa na mayai ya wadudu yafe. Baada ya hapo fanya jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi: chukua sumaku, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, uipitishe udongoni mara nyingi. Utashangaa inavyotoka na manyoya meusi. Ni chembe za chuma, na udongo mwekundu huwa nazo. Zikibaki, mota ya kichwa chako ina sumaku pia, itazivuta zenyewe, na siku moja itasaga mpaka isimame.

Udongo ukilowa gundi huwa mweusi zaidi ya ulivyokuwa, na haurudi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Mimi huchanganya na jipsi kavu kidogo, kama kijiko kimoja kwa vijiko sita, kwa sababu vitu vidogo vikiwa na rangi kali ya kweli huonekana vizito. Rangi inapauka kwa umbali, na mtazamaji wa reli ndogo ni kama mtu anayetazama kutoka mbali.

Ardhi yenyewe usiifanye bapa kama meza. Voi ni tambarare, lakini si sakafu. Nyanyua tuta la reli milimita 10 hivi kuliko ardhi ya jirani, chimba mfereji mwembamba wa maji ya mvua kila upande, na mahali pamoja pitisha kalavati chini ya njia. Kwa hili kata sponji ngumu nyeupe ile inayofungashia televisheni, uifunike kwa vipande vya gazeti vilivyolowa gundi.

Jipsi yako ina kazi mbili. Ya kwanza ni vichuguu. Kichuguu cha mita mbili na nusu ni sentimita 3 mezani. Vimwage sita au saba, vikiwa na umbo lisilofanana, uvipake gundi na kuvinyunyizia udongo ule ule wekundu. Ya pili ni mibuyu, na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu mbuyu ndio mti ulioumbwa kwa ajili yetu wajenzi. Miti mingine inatushinda kwa majani. Mbuyu hukaa miezi mingi ya kiangazi bila jani hata moja, mtupu na matawi yake hewani, na hakuna anayeuliza majani yako wapi.

Chukua nyaya 30 au 40 nyembamba za shaba kutoka kwenye kebo ya zamani, urefu wa sentimita 25. Zisokote kwa nguvu kutoka chini hadi zaidi ya nusu, uziache juu zigawanyike mafungu manne, kila fungu ulisokote kidogo, uligawe tena. Matawi ya mbuyu ni mafupi na manene karibu na shina na ghafla yanakuwa vidole, kwa hiyo usiyarefushe. Shina lijaze karatasi ya choo iliyolowa gundi hadi lifike kipenyo cha sentimita 5, ambazo ni zaidi ya mita nne za kweli. Juu yake paka jipsi iliyokorogwa na gundi, na kabla haijakauka, ikunje kwa kidole ipate yale mabonde ya ngozi ya tembo. Rangi yake ni kijivu chenye wekundu hafifu kwa chini, pale mvua inaporusha tope. Fanya miwili tu. Mmoja uwe mbele kabisa, karibu na ukingo wa bodi, treni ipite nyuma yake. Mtu akiona treni ikijificha nyuma ya shina na kutokea tena, anaamini ukubwa wa kila kitu kingine.

Mkonge ni rahisi: karatasi ngumu iliyopakwa kijani chenye weupe, ikatwe nyota zenye ncha, nyota tatu zibandikwe moja juu ya moja, majani yakunjwe juu. Jani la mkonge la mita 1.3 ni milimita 15. Panda kwa mistari, kwani shamba bila mistari si shamba. Vichaka vya migunga vifanye kwa sponji ya godoro iliyosagwa na kutiwa rangi ya kijani kilichochoka, na usivijaze. Acha udongo uonekane. Nyasi kavu ni nyuzi za kamba ya katani zilizokatwa milimita 6.

Kwa ukuta, tumia bodi nyembamba iliyopindishwa kwenye kona ya chumba ili kusiwe na pembe angani. Buluu iwe hafifu kuliko unavyodhani, ikielekea weupe inaposhuka. Halafu chora kilima cha Sagalla na nyuma yake milima ya Taita, kwa rangi ya anga yenyewe iliyoongezwa kijivu kidogo, kila safu ya mbali ikiwa nyepesi kuliko ya mbele. Usichore miti, mawe wala nyumba juu yake. Kimo cha sentimita 12 kutoka ardhini kinatosha. Utakuwa umepata mlima wa kweli zaidi kwa brashi ya jioni moja kuliko kwa gunia la jipsi.

Majengo ya stesheni nitayagusa tu. Mabati ya kawaida yana mawimbi ya karibu milimita 76, yaani milimita 0.87 kwako. Boliti ya M5 ina nyuzi zenye nafasi ya milimita 0.8. Weka karatasi ya alumini ya jikoni juu ya gazeti lililokunjwa, viringisha boliti hiyo juu yake kwa kukandamiza, na una mabati. Usisahau tangi la maji juu ya nguzo ikiwa unajenga enzi za mvuke.

Na kama mzee alizifikia enzi hizo, huenda siku moja utataka injini ya mvuke ya aina iliyoitwa daraja la 59 (Class 59). Zilikuwa 34, zimetengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester, zikaanza kufika mwaka 1955, rangi ya damu ya mzee, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ni vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kutembea kwenye reli ya mita moja. Moja yao, Mount Gelai, namba 5918, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nenda na futi na kalamu. Kwa uwiano wako ni sentimita 36 na nusu, na hiyo ndiyo sababu nyingine ninayokusihi uache nafasi: njia yako ya kupishana iwe na urefu wa mita moja na nusu kutoka pointi hadi pointi, na sentimita 5 kati ya katikati ya njia moja na ya nyingine.

Ipime hivi kabla ya kumwaga kokoto. Ingiza treni nzima, behewa la gadi likiwa mkiani, usimamishe. Kwenye njia ya pili sukuma behewa moja kwa kidole lipite. Pale linapokaribia kugusana na la gadi, weka alama ya rangi nyeupe kwenye taruma. Mkia wa treni yako usisimame kamwe nje ya alama hiyo. Halafu chonga sanamu ya mtu wa milimita 20, ambazo ni mita 1.74, mpe kofia na bendera ya kijani ya karatasi, umsimamishe hapo penye alama, upande ambao dereva anamwona.